Bastola iliyompeleka Kimathi kitanzini

SHUJAA Dedan Kimathi wa Waciuri hakunyongwa kwa kosa la kuua. Wala hakunyongwa kwa uhaini au kwa kulisha watu kiapo. Alinyongwa alfajiri ya Februari 18, 1957, katika gereza la Kamiti nje kidogo ya Nairobi, baada ya mahakama ya serikali ya kikoloni kumpata na hatia ya kuwa na bastola moja na risasi 6 pasipo idhini.

Miongo mingi imepita tangu siku hiyo, na jina lake limepewa barabara, chuo kikuu na sanamu. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina hilo kila mwaka Siku ya Mashujaa inapowadia hawafahamu kwamba hati ya mashtaka iliyomtoa duniani ilihusu chombo cha chuma kinachoweza kufichwa ndani ya koti.

Chombo hicho kilikuwa bastola ya Webley Scott ya kipimo cha .38, ile aina ambayo risasi zake hupangwa katika mzinga wa duara unaozunguka kila kifyatuzi kinapovutwa. Anayetaka kujua umri, thamani na historia ya bastola kama hiyo hana budi kuanza na mtu aliyekutwa nayo, kisha aitazame sheria iliyoamua kuwa chuma na roho ya binadamu vina uzito sawa katika mizani.

Mtoto wa Tetu

Kimathi alizaliwa Oktoba 31, 1920, katika kijiji cha Thegenge, eneo la Tetu, Nyeri. Baba yake aliaga dunia kabla mtoto huyo hajazaliwa, hivyo akalelewa na mamake, Waibuthi.

Alianza shule akiwa amechelewa kidogo, katika shule ya Karuna-ini, kisha akaendelea na masomo katika misheni ya Tumutumu. Alisifika kwa wepesi wake wa lugha ya Kiingereza, kwa kupenda kuandika, na kwa ulimi uliowashinda wenzake katika midahalo. Walimu walimfahamu pia kwa ukaidi wake.

Karo ilikuwa tatizo la kudumu. Ili kuipata, kijana huyo aliokota mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu. Hapana aliyejua wakati huo kwamba misitu iyo hiyo ya Nyandarua ingekuja kuwa makao yake, ngome yake na hatimaye mtego wake.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alijiunga na jeshi kwa muda mfupi, kisha akaondolewa. Baadaye alifanya kazi mbalimbali za vibarua na ukarani, na mnamo 1949 alirejea Tumutumu kama mwalimu, kazi ambayo pia haikudumu. Katika miaka hiyo alikuwa amekwisha kuingia katika chama cha Kenya African Union, KAU, na kufikia 1952 alikuwa katibu wa tawi la chama hicho katika sehemu za Ol Kalou na Thomson's Falls, mji unaoitwa Nyahururu siku hizi.

Hapo ndipo alipokutana kwa karibu na dhiki ya maskwota, yaani wafanyakazi Waafrika waliolima mashamba ya walowezi huku wenyewe wakiwa hawana haki ya ardhi. Karani huyu wa chama akawa mlishaji wa kiapo cha umoja, na jina lake likaingia katika daftari za polisi.

Msituni bila ghala la silaha

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952. Usiku huo viongozi wa KAU, akiwemo Jomo Kenyatta, walikamatwa. Siku mbili baadaye Chifu Nderi wa Nyeri aliuawa alipokwenda kuwatawanya watu waliokuwa wakila kiapo. Kimathi alikuwa miongoni mwa waliosakwa, akatoroka na kuingia msituni.

Tofauti na wapiganaji wa nchi nyingi waliopata msaada wa madola ya kigeni, Mau Mau hawakuwa na dola lolote nyuma yao. Hawakupokea shehena kutoka ng'ambo. Kila bunduki waliyokuwa nayo ilikuwa imeibwa, imenunuliwa kwa siri, imenyakuliwa vitani au imeundwa kwa mikono.

Mafundi wao waligeuza mabomba ya maji kuwa mitutu, makomeo ya milango kuwa vifyatuzi, na vipande vya mpira wa magurudumu kuwa springi. Baadhi ya bunduki hizo zilimjeruhi mwenye kuzifyatua kuliko aliyelengwa. Ndiyo sababu silaha ya kiwandani, hata bastola ndogo, ilikuwa tunu kubwa msituni.

Usiku wa Machi 26, 1953, kundi la wapiganaji lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likafungulia wafungwa na kuondoka na bunduki na risasi. Mji wa Nairobi nao ulikuwa chimbuko la dawa, fedha, nguo na risasi zilizopelekwa msituni, mpaka Aprili 24, 1954, ambapo jeshi lilizingira mji mzima katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuwazoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Tangu siku hiyo mshipa uliowalisha wapiganaji ulikatika.

Katika mazingira hayo Kimathi alijenga jina. Mnamo Agosti 1953 aliongoza mkutano mkubwa wa wapiganaji huko Mwathe, ndani ya msitu, ambapo liliundwa Baraza la Ulinzi la Kenya. Mwezi Februari 1954 baraza hilo lilifuatwa na Bunge la Kenya, naye akachaguliwa kuliongoza. Alisisitiza kumbukumbu ziandikwe: majina ya wapiganaji, vyeo, mapigano, waliofariki. Aliandika barua nyingi, nyingine akiwapelekea maafisa wa serikali iliyokuwa ikimwinda.

Si kila mpiganaji aliyemkubali. Stanley Mathenge, kiongozi mwenzake kutoka Nyeri, alifarakana naye, na wapiganaji wengi wasiosoma walimwona Kimathi kama mtu wa makaratasi na amri kali. Wapo walioadhibiwa vikali chini ya uongozi wake. Anayeandika maisha yake leo hana sababu ya kuuficha ukweli huo, kwani ushujaa haumfanyi mtu malaika.

Umri wa bastola husomwa kwenye chuma

Bastola za Webley zina historia ndefu kuliko koloni la Kenya. Familia ya Webley ilianza kutengeneza silaha mjini Birmingham, Uingereza, katika karne ya 19. Mnamo 1897 kampuni yao iliungana na nyingine na kuzaliwa Webley & Scott. Kwa miongo kadhaa bastola zao ndizo zilizoning'inia viunoni mwa maafisa wa jeshi la Uingereza.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi hilo liliona bastola nzito ya kipimo cha .455 inawashinda askari wengi, likataka iliyo nyepesi zaidi. Katika miaka ya 1920 Webley wakabuni Mark IV ya kipimo cha .38. Serikali ilichagua kutengeneza bastola yake yenyewe katika kiwanda cha Enfield, lakini vita vilipozuka tena na silaha zikapungua, iliwarudia Webley na kuagiza Mark IV kwa wingi. Polisi wa makoloni mengi waliitumia, toka Palestina hadi Singapore.

Mtaalamu anapotaka kujua umri wa bastola ya aina hii haangalii kutu wala mikwaruzo, maana silaha iliyotunzwa vizuri hudanganya macho. Husoma maandishi yaliyochongwa juu ya chuma. Kwanza hutafuta jina la kampuni na aina. Pili hutafuta nambari ya kiwanda, ambayo hulinganishwa na daftari za watengenezaji. Tatu huchunguza mihuri midogo ya Nyumba ya Majaribio ya Birmingham, taasisi iliyoanzishwa 1813 ili kila mtutu ujaribiwe kabla ya kuuzwa.

Bastola za Mark IV zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aghalabu huwa na maandishi yanayoeleza kuwa umaliziaji wake ni wa kivita, yaani hazikung'arishwa kama zile za siku za amani, kwani kiwanda hakikuwa na muda wa urembo. Nyingine hubeba mihuri ya ukaguzi wa jeshi au herufi za idara ya polisi iliyozimiliki. Alama hizo zikisomwa pamoja humweleza mtafiti silaha ilizaliwa lini, ikatumikia nani na ikapitia mikono ipi.

Mzinga wa bastola hizo una matundu 6. Idadi ya risasi iliyotajwa katika mashtaka ya Kimathi ndiyo inayoujaza mzinga huo mara moja.

Wakati huo huo, katika barabara za kati za Nairobi, bastola kama hizo zilikuwa sehemu ya mavazi. Walowezi wanaume kwa wanawake waliingia hoteli ya Stanley na nyinginezo silaha zikiwa viunoni, kwa idhini kamili ya sheria. Juu ya kilima, katika sehemu ambayo leo ni Upper Hill, waliishi maafisa Wazungu wa reli na serikali, na klabu yao ya Nairobi Club ikiwa jirani. Chuma kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni rangi ya mkono uliokishika.

Kanuni iliyogeuza chuma kuwa kifo

Chini ya kanuni za hali ya hatari, kanuni ya 8A ilifanya kumiliki silaha au risasi pasipo idhini kuwa kosa la kifo. Mshtakiwa hakuhitaji kuthibitishwa kuwa alimlenga mtu. Ilitosha kuwa nayo.

Mwanahistoria David Anderson amehesabu kuwa Waafrika 1,090 walinyongwa katika kesi zilizohusu Mau Mau. Walionyongwa kwa makosa ya silaha na risasi walikuwa wengi kuliko walionyongwa kwa mauaji. Hakuna koloni lingine la Uingereza katika karne ya 20 ambako kitanzi kilitumika kwa kiasi hicho.

Msako dhidi ya Kimathi uliongozwa na Ian Henderson, afisa wa polisi aliyekulia Kenya na aliyekisema Kikuyu kwa ufasaha. Mbinu yake ilikuwa kuwatumia wapiganaji waliokamatwa au kujisalimisha ili wawawinde wenzao. Hadi katikati ya 1956 kundi la Kimathi lilikuwa limebaki watu wachache, wenye njaa, wakihama usiku na mchana.

Asubuhi ya Oktoba 21, 1956, miaka minne na siku moja tangu kutangazwa kwa hali ya hatari, Kimathi alikutana na askari wa kikabila kwenye ukingo wa msitu, karibu na handaki lililochimbwa kuutenga msitu na vijiji. Alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Askari Ndirangu Mau alimfyatulia risasi na kumjeruhi mguuni, kisha akakamatwa. Alikuwa amerudi katika eneo la Tetu alikozaliwa.

Kesi ilianza mjini Nyeri Novemba 19, 1956, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na washauri watatu wa mahakama, wote Waafrika. Ni kesi nambari 46 ya mwaka huo. Mshtakiwa, aliyekuwa bado na jeraha, aliletwa kortini akiwa amebebwa kwa machela. Mashtaka yalikuwa mawili: bastola na risasi.

Utetezi wake, ulioongozwa na wakili Frederick Henry Miller, ulieleza mahakama kwamba mshtakiwa alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, kwani kwa nyakati mbalimbali serikali yenyewe ilikuwa imetangaza masharti ya kujisalimisha na kudondosha vijikaratasi kutoka kwa ndege. Upande wa mashtaka ulijibu kuwa muda wa masharti hayo ulikuwa umekwisha, na kwamba mwenendo wake asubuhi ile haukuwa wa mtu anayejisalimisha.

Washauri wote watatu walimwona ana hatia. Novemba 27 Jaji O'Connor akamhukumu kifo. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitupa rufaa yake Desemba 27, na mwanzoni mwa 1957 Baraza la Faragha mjini London likakataa kumsikiza. Kutoka kukamatwa hadi kunyongwa hazikupita siku 121.

Kesi tatu, mizani tofauti

Ili kuelewa jinsi hukumu hiyo ilivyotegemea matakwa ya watawala, ni vyema kuitazama kando ya nyingine mbili.

Januari 24, 1941, mwana wa ukoo wa kifahari wa Uskoti, Lord Erroll, alipatikana ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen, magharibi mwa Nairobi. Aliyeshtakiwa alikuwa mlowezi tajiri, Sir Jock Delves Broughton. Kesi nzima iligeuka kuwa darasa la bastola. Wakili Harry Morris, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini, alionyesha kuwa risasi zilizoua zilikuwa na alama za mifuo 5 inayopinda kulia, ilhali bastola za Colt, aina aliyomiliki Broughton, huacha alama za mifuo 6 inayopinda kushoto. Julai 1, 1941, Broughton akaachiliwa huru.

Katika kesi hiyo silaha iliulizwa maswali, ikajibu, na majibu yake yakamwokoa mtu. Katika kesi ya Kimathi hapakuwa na haja ya kuiuliza bastola imemuua nani. Kuwepo kwake kulitosha.

Kesi ya pili ni ya Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954 na kuhukumiwa kifo, moja ya makosa yake likiwa kupatikana na risasi 2. Lakini serikali ilimhitaji ili awashawishi wenzake wajisalimishe, na adhabu yake ikabadilishwa kuwa kifungo. Aliishi kuuona uhuru, akashika wadhifa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na kufariki 1993.

Sheria ilikuwa ile ile. China alikuwa na faida kwa serikali akiwa hai, naye Kimathi alikuwa na faida kwake akiwa amekufa.

Barua ya mwisho

Siku moja kabla ya kunyongwa, Kimathi alimwandikia Padri Marino wa misheni ya Katoliki, Nyeri. Katika barua hiyo hakuzungumzia bastola wala vita. Alimwomba padri ahakikishe mwanawe anapata elimu, amkumbuke mama yake mzee, na mkewe Mukami afarijiwe na masista. Mukami mwenyewe alikuwa akizuiliwa Kamiti, na aliruhusiwa kumwona mumewe kwa mara ya mwisho.

Mwili wa Kimathi ulizikwa ndani ya ua la gereza, katika kaburi lisilo na alama. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Thamani yake ni shilingi ngapi?

Bastola ya Webley ya .38 si kitu adimu. Zilitengenezwa nyingi mno, na katika minada ya Ulaya na Marekani iliyo ya kawaida huuzwa kwa mamia ya dola. Fedha hizo huenda zisimnunulie mkulima wa Tetu ng'ombe mmoja wa gredi.

Kinachopandisha bei ya silaha ya kale ni historia yake iliyothibitishwa. Hapa ndipo matapeli hupata mwanya. Mtu huja na bastola kuukuu na hadithi tamu ya jenerali fulani, na mnunuzi huilipia hadithi badala ya chuma. Wakusanyaji wenye busara hudai hati: stakabadhi ya wakati huo, orodha ya vielelezo vya mahakama, daftari la ghala la polisi, na juu ya yote nambari inayolingana na ile iliyo kwenye chuma. Pasipo nambari hiyo kuunganishwa na karatasi, bastola ya shujaa na bastola ya karani wa posta huwa na bei moja.

Sheria za Kenya nazo zina la kusema. Sheria ya Silaha, sura ya 114, inamtaka anayemiliki bunduki awe na cheti, na hisia za kifamilia si cheti. Anayekuta bastola ya babu imefukiwa chini ya ghala la mahindi asijaribu kuifyatua, kuisafisha wala kuitafutia mnunuzi. Polisi ndio wa kuarifiwa kwanza. Chuma cha miaka 80 kinaweza kupasuka mkononi, na risasi za kale huweza kuwa hai.

Kuna jambo jingine. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa vya kale vile vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Kwa kipimo cha umri tu, bastola za Mark IV si za kale. Lakini sheria iyo hiyo inaiwezesha serikali kukitangaza kitu chenye umuhimu wa kihistoria kuwa turathi inayolindwa, hata kama umri wake ni mdogo. Silaha na vitu vingine vya wapiganaji vinavyozeeka katika maboma ya wazee wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Nyandarua vinastahili mlango huo, kabla wenye kuvitolea ushahidi hawajaisha.

Karatasi zilizosafiri

Historia ya bastola hiyo haiwezi kutenganishwa na historia ya nyaraka. Kwa miaka mingi kumbukumbu kamili ya kesi ya Nyeri haikuwa mikononi mwa Wakenya. Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo walipoandika mchezo wa kuigiza kuhusu kesi hiyo, uliochezwa katika jumba la Kenya National Theatre mnamo 1976 na baadaye kutolewa kwa Kiswahili kwa jina Mzalendo Kimathi, walitegemea kumbukumbu za watu wa kijijini na mawazo yao wenyewe. Ni mwaka 2017 tu ambapo mwanahistoria Julie MacArthur alichapisha mwenendo mzima wa kesi hiyo katika kitabu, na wasomaji wakaweza kuufuata ushahidi hatua kwa hatua.

Hali kadhalika, wakoloni walipokuwa wakifunga virago waliondoka na mafaili mengi kutoka Nairobi. Mnamo 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyopata kizuizini, ilibainika kuwa takriban mafaili 1,500 kutoka Kenya yalikuwa yamehifadhiwa kwa siri huko Hanslope Park. Mafaili hayo yalisaidia kuivunja kimya cha nusu karne.

Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alieleza bunge la nchi yake masikitiko ya serikali kuhusu mateso hayo na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Ubalozi wa Uingereza uliopo Upper Hill ndio uliobeba ujumbe huo hapa nchini. Miaka miwili baadaye, Septemba 2015, mnara wa ukumbusho wa waathiriwa uliogharamiwa na Uingereza ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park, chini tu ya kilima hicho.

Serikali huru ya Kenya nayo ilijikokota. Mau Mau iliendelea kuwa kundi haramu katika vitabu vya sheria hadi Agosti 2003, ambapo marufuku ya kikoloni iliondolewa. Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu kunyongwa kwake, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu ya Kimathi katika barabara inayoitwa kwa jina lake, ambayo zamani iliitwa Hardinge. Sanamu hiyo imeshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Bastola haipo.

Kijana anayetaka kujua zaidi anaweza kuanzia Maktaba Kuu ya Taifa iliyo Upper Hill, kisha ateremke hadi kwenye jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Huko atajifunza kwamba umri wa silaha husomwa kwenye mihuri yake, lakini historia yake husomwa katika maisha ya watu.

Mukami Kimathi alifariki Mei 2023 na kuzikwa Njabini, Nyandarua. Kwa zaidi ya miaka 60 aliziomba serikali zote zilizopita, ya mkoloni na za uhuru, jambo moja: aonyeshwe kaburi la mumewe ili amzike kwa heshima. Alikwenda bila kulipata. Mahakama ya Nyeri iliihesabu kila risasi iliyokuwa kwenye mzinga wa bastola ile na kuiandika. Mwili wa mtu aliyehukumiwa kwa sababu ya risasi hizo haukuandikiwa hata jiwe, na deni hilo sasa limebaki kwa wanawe na kwa taifa lililopata uhuru kwa jasho la watu kama yeye.